Alama Katika Sauti za Wazee Wetu

Familia, tuko hapa Gisenyi. Mwezi huu tunataka kuongea nanyi juu ya sauti za wazee, na namna ya kuzitunza ili mjukuu akizitafuta azipate.

Wengi wetu tunajua thamani ya jina. Mwaka 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango, maana yake kiunganisha familia, kikisoma redioni majina ya watu waliopoteana. Januari 2002 Nyiragongo ililipuka na watu wa Goma wakamiminika huku kwetu, na Mei 2021 ikawa vile tena. Anayemtafuta mtu wake hutaja jina la baba, la babu na la kijiji. Asiyeyajua atauliza nini?

Basi sisi vijana na wamama wachache tuliamua kuwarekodi wazee kwa simu: waliopitia Nkamira mwaka 2012 kabla ya kupelekwa Kigeme, na waliokuja tangu mwisho wa 2022. Mzee akianza kusimulia hana haraka. Anaanza na ng'ombe, anaingia kwenye ndoa ya dada yake, anafika kwenye mpaka wa shamba kule Masisi, halafu huyo, amerudi kwa ng'ombe.

Bibi mmoja alitusimulia saa 2 na dakika 40. Miezi michache baadaye alifariki. Watoto wake walioko Marekani wakatuandikia: tunaomba pale mama anapotaja ndugu zake. Sasa iko wapi ndani ya saa zote hizo? Kusikiliza yote upya, kwa mtu mwenye msiba, ni mzigo.

Hapo alama zilitusaidia. Tunatumia Audacity, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti. Sauti ikiwa inacheza na mmefika mahali pa maana, bonyeza Ctrl na M pamoja. Kijibendera kinatokea chini ya sauti. Andika neno fupi, kama "ndugu zake" au "shamba", kisha bonyeza Enter. Kama ni sehemu nzima, ichague kwa mausi toka mwanzo hadi mwisho, halafu Ctrl na B. Siku ingine ukibofya alama unafika palepale.

Mambo matatu tumeyaona katika kazi hii.

Kwanza, andika neno la mzee mwenyewe. "Sehemu 1, sehemu 2" haimwambii mtoto kitu.

Pili, tunza sauti nzima bila kuikata, na ukate kwenye nakala. Ukiondoa kipande katikati, sauti inasogea na alama zinaweza kubaki pale zilipokuwa. Hapo zote zinadanganya.

Tatu, programu inaweza kutoa alama kama orodha ya maandishi, kila moja na muda wake. Inaweza pia kutoa kila sehemu kama faili lake, lenye jina la alama. Orodha ichapishe, uitunze pamoja na flashi.

Kuna alama moja inayohitaji heshima zaidi. Bibi yule alisema mara mbili: hii isitoke nje ya nyumba. Alikuwa anataja watu ambao bado wako kule. Hapo tuliweka alama ya mwanzo na ya mwisho, tukaandika "ya nyumbani". Sehemu hizo walipewa watoto wake peke yao. Na kwenye orodha hatuandiki jina la mtu wala la kijiji, maana karatasi huokotwa.

Watoto walipokea dakika 11 walizoomba. Ndani yake mama anataja majina 9, na mawili walikuwa hawajawahi kuyasikia. Wameyapeleka Msalaba Mwekundu, wanaosaidia kutafuta watu waliopoteana. Jibu wanalingoja bado.

Familia, wazee tulio nao bado wanaongea. Muombeni ruhusa kwanza, halafu mrekodini. Na mkiweka alama, mketi naye, mumuulize: bibi, hapa tupaite nini? Jibu lake ndilo mliandike.