Mkunga Aliyetusomea Jalada

Ndugu msomaji, iwapo umepata kushika jalada la hospitali mkononi mwako, utakubaliana nami kwamba karatasi zile hazikuandikwa kwa ajili yetu. Sisi tulipata nakala ya letu hapa Bariadi, msimu wa pamba ulipokuwa umekwisha, mwaka mzima baada ya mdogo wangu kumpoteza mtoto wake wa kwanza katika kujifungua. Hospitali yenyewe sitaitaja.

Wakili tuliyemwendea alikuwa msikivu. Alilipekua jalada mbele na nyuma, kisha akalifunga. "Sheria naijua," alisema, "lakini yaliyomo humu siyajui." Ndipo tulipomkumbuka jirani yetu, mkunga mstaafu aliyetumikia wodi ya wazazi kwa miaka mingi. Huko Marekani kazi aliyotufanyia ni taaluma kamili, na wauguzi wanaowashauri mawakili wana chama chao tangu mwaka 1989. Huyu wetu hakuwa na cheo hicho. Alikuwa na miwani yake na kalamu ya risasi.

Sisi tulikuwa tumeshikilia kwamba kosa lilikuwa ile sindano ya kuongeza uchungu. Mama yule alisoma kipimo chake, akasema la hasha, ilitolewa ipasavyo. (Nakiri nilimkasirikia, nilidhani anawatetea wenziwe.) Kisha akaitandaza mezani chati ya uchungu, ile yenye miraba, ambamo mkunga hupaswa kuandika mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Kidole chake kilifuata nukta moja baada ya nyingine hadi saa sita usiku. Hapo nukta zikakoma. Iliyofuata ilikuwa ya saa kumi na robo, nayo ilikuwa chini mno.

"Hapa katikati," akasema, "ama hakuna aliyemsikiliza mtoto, ama alisikilizwa na hayakuandikwa. Waulizeni hilo, achaneni na sindano."

Wakili akaandika upesi. Alitueleza kwamba sheria ya ukomo wa madai ya mwaka 1971 hutoa miaka 3 tu kwa dai la uzembe, nasi mmoja tulikwisha upoteza kwa ubishi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 huruhusu mahakama kusikiliza maoni ya mtaalamu, na huenda hapo akahitajika daktari bingwa wa uzazi. Lakini hata bingwa hawezi kujibu asiloulizwa.

Usidhani, msomaji, kwamba kazi ile ilikuwa nyepesi kwa mama yule. Njiani kurudi nyumbani alituambia kuwa anaijua zamu ya usiku, muuguzi mmoja na wazazi wanane, na kwamba naye amepata kuacha miraba mitupu. Tulinyamaza sote.

Mdogo wangu ndiye aliyevunja kimya. "Mama, ile nukta ya saa sita ilisema nini?"

Mkunga alivua miwani yake, akaifuta kwa upande wa khanga.

"140 kwa dakika, mwanangu. Alikuwa mzima."