Nuru ya Wawili

Tangu barabara ya lami itokayo Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, mwendo wa magari umezidi, na haja ya nuru imezidi pamoja nao. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Taa imulikayo mita 40 haimpi dereva hata sekunde mbili za kumtambua ng'ombe, baiskeli au mtu.

Pikapu yangu ni kuukuu, na taa zake zilikuwa hafifu. Wengi hudhani dawa ya taa hafifu ni balbu kali. Fundi wa umeme alipima kwanza: betri ilikuwa nzima, lakini umeme ulipungua njiani, katika waya nyembamba, swichi chakavu na kutu. Upungufu mdogo wa volti huleta upungufu mkubwa wa nuru. Alitia waya nene na rilei, akasugua kutu, akang'arisha vioo. Balbu zilibaki zile zile za wati 55, na njia ikaonekana.

Wako waliokwisha kunishauri balbu za LED. Zikitiwa katika taa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni, mara nyingi hutawanya nuru ovyo: mwenye gari hufurahi, ajaye mbele yake hupofuka. Lakini nuru ya barabarani ni haki ya wawili, aendaye na ajaye. Amwangaziaye nafsi yake kwa kumpofusha mwenziwe hakupunguza giza; amelihamisha tu, nalo laweza kumrudia katika usukani wa yule asiyemwona.