Breki za Land Rover ya Parokia



Wapendwa waamini, juma hili wengi wenu mmepita nyuma ya nyumba ya mapadre mkatukuta tumelala chini ya gari, mikono imejaa grisi hadi viwiko. Mama mmoja wa WAWATA alisema kwa upole kwamba hakujua kama seminarini walitufundisha ufundi. Hawakutufundisha. Tulisomea falsafa na teolojia, na kwa upande wa mikono tulijifunza kulima mboga na kufuga nguruwe. Kwa hiyo tunawiwa maelezo, na maelezo yenyewe yana ungamo ndani yake.

Land Rover yetu mnaijua. Ni Series III fupi ya mwaka 1974, ya petroli, tuliyoachiwa na mmisionari mzee alipoondoka. Breki zake zote nne ni za drami, na ilitoka kiwandani bila busta. Maana yake ni kwamba nguvu yote inayosimamisha gari inatoka katika mguu wa dereva, wala haipati msaada popote. Mmisionari yule alikuwa mtu wa miraba minne. Aliiendesha miaka mingi akipanda na kushuka milima hii ya Usambara, na hatukumsikia akilalamika.

Jumamosi moja wakati wa masika tulikuwa tukishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, katekista akiwa mbele pamoja nasi na wanakwaya wanne nyuma. Barabara ile ina zaidi ya kilomita 30 za kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Tulikuwa tumesali Rozari tangu tulipoondoka. Baada ya Soni, katika kona moja, kijana wa miaka kama kumi alitokea mbele yetu na ndoo ya peasi za kuuza, akivuka kulifuata basi lililosimama ng'ambo. Tulikanyaga pedeli kwa mguu wa kulia. Gari likaendelea. Tukaongeza na mguu wa kushoto, tukasimama juu ya pedeli ile kama mtu anayekanyaga jembe kwenye ardhi ngumu. Gari lilisimama pua yake ikiigusa ndoo. Peasi tatu zikaviringika barabarani. Kijana aliziokota, akatutazama, akatuuliza kama tunanunua.

Wanakwaya walipiga vigelegele na kumshukuru Mungu. Katekista hakusema neno. Alijua tunachokijua: kwamba mhazini wa halmashauri ya walei alikwisha kuzitaja breki zile katika vikao viwili, na mara zote mbili tulijibu kwamba gari ni zima, kwamba mmisionari aliliendesha hivyohivyo, na kwamba Mungu hulinda kazi yake. Jibu hilo la mwisho ndilo lililotusumbua usiku ule. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2119, inakutaja kumjaribu Mungu kuwa ni dhambi, na mfano inaoutoa ni ule wa Shetani kumtaka Bwana ajirushe kutoka juu ya hekalu. Tumeihubiri Injili hiyo kila mwaka wake ulipofika, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, na hata siku moja hatukufikiri kwamba kinara cha hekalu kinaweza kuwa kona ya Soni, wala kwamba Rozari inaweza kusaliwa badala ya kununua kipuri. Namba 2290 ya Katekisimu hiyohiyo inawataja wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, na inasema hatia yao ni nzito. Sisi hatukuwa walevi, wala gari lile halijui mwendo kasi. Lakini tulijua, na tukaacha. Tulikwenda kuungama kwa padre mwenzetu wa dekania. Malipizi aliyotupa hatutayaeleza, isipokuwa sehemu moja: tulitengeneze gari kabla ya kupakia mtu mwingine.

Tulimwendea fundi mmoja huko Mombo, mzee Mwislamu aliyeanza kushika spana za Land Rover zama za mashamba makubwa ya mkonge. Tulimwamkia, akaitikia, akalizunguka gari mara mbili, akakanyaga pedeli. "Padre," alisema, "breki hizi ni nzima. Ila zinataka mguu wa yule Mzungu. Mguu ule wewe huna."

Alitushauri tutafute busta pamoja na kibebeo chake cha pedeli, na masta silinda yenye vyumba viwili, ili bomba la mbele likipasuka magurudumu ya nyuma yabaki na breki. Vitu hivyo vilipatikana Dar es Salaam, Gerezani, kutoka kwenye Land Rover ndefu iliyokuwa imechakaa. Tukaamua kazi tuifanye wenyewe hapa nyumbani, kwa sehemu ili kuokoa fedha, na kwa sehemu, tukiri, kwa sababu tuliipenda.

Kwa wale wasiokijua chombo hiki: busta ni kama sufuria mbili zilizofunikizana mdomo kwa mdomo, na katikati kuna utando wa mpira. Bomba moja linatoka humo hadi kwenye manifodi ya injini, na injini inapovuta pumzi yake, inafyonza hewa iliyo pande zote mbili za utando. Ndani hubaki ombwe. Dereva akikanyaga pedeli, valvu ndogo hufunguka na kuiingiza hewa ya nje upande wa nyuma tu, na hewa hiyo huusukuma utando kuelekea kwenye ombwe, pamoja na fimbo inayoisukuma masta silinda. Hiyo tu.

Sasa tazameni jambo hili, maana lilitukalisha chini. Ombwe lenyewe halina nguvu, kwa kuwa halina kitu. Nguvu ni ya hewa, hewa hiihii inayotuzunguka, ambayo usawa wa bahari hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa karibu kilo moja. Utando wenye kipenyo cha sentimita 20 una eneo la sentimita za mraba 314. Injini haiwezi kuitoa hewa yote, lakini hata ikitoa theluthi mbili, msukumo unaopatikana ni wa kama kilo mia mbili. Mzigo huo ulikuwa umekaa juu ya boneti ya Land Rover yetu tangu mwaka 1974, katika kila kona na mbele ya kila mtoto, na haukuwahi kutusaidia, kwa sababu hapakuwa na nafasi tupu ya kuupokea. Na tena, katika injini ya petroli ombwe huwa kubwa zaidi pale dereva anapouondoa mguu kwenye mafuta. (Injini ya dizeli haina tabia hiyo, nayo huhitaji pampu yake. Wenye magari ya dizeli wasije wakafuata kazi yetu bila kumwuliza fundi.)

Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi kuhusu Kristo aliyejifanya mtupu. Tulilisoma neno hilo kwa Kigiriki seminarini na kuliandikia insha. Hatutaki kuifanya busta kuwa sakramenti, lakini insha ile leo tungeiandika vingine.

Aliyetuwezesha kuelewa haya ni Mkatoliki, Blaise Pascal, Mfaransa aliyezaliwa Clermont mwaka 1623. Baba Mtakatifu Fransisko alimwandikia barua nzima ya kitume mwaka 2023, zilipotimia karne nne tangu kuzaliwa kwake. Pascal ndiye aliyeonyesha kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mkandamizo huenea sawa kila upande, na kwamba kwa njia hiyo mtu mmoja kwenye bastola ndogo anaweza kulingana na watu mia kwenye iliyo kubwa mara mia. Hiyo ndiyo kazi ya mafuta ya breki. Na ni yeye aliyetaka kujua kama hewa ina uzito unaopungua mtu anapopanda juu. Afya yake ilikuwa dhaifu, basi akamwomba shemeji yake, Florin Périer, aupande mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda. Kule kileleni zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya inchi tatu za kipimo cha siku zile. Kilele kile kina mita 1,465, karibu sawa na Lushoto. Kwa hiyo hata busta yetu huku juu ina nguvu pungufu kidogo kuliko ingekuwa nayo Tanga mjini, na sababu yake ilipimwa karibu karne nne zilizopita.

Lakini sisi tunampenda zaidi mtu mwingine katika habari ile. Kabla ya kupanda, Périer aliacha mrija mwingine chini, katika bustani ya watawa Waminimi, na mtawa mmoja akaombwa kuutazama mchana kutwa aone kama zebaki itasogea. Haikusogea. Bila kutazama kwake, kipimo cha kileleni kisingethibitisha kitu. Parokia inao watu wa namna hiyo. Mhazini wetu ni mmoja wao, na vikao viwili tulimwona msumbufu.

Turudi chini ya gari. Fundi alituonya jambo moja zaidi ya mengine: busta haiponyi breki mbovu. Inazidisha tu kile inachokikuta, na ikikuta bomba lililoliwa na kutu, italipasua. Basi kazi yetu ya kwanza haikuwa busta hata kidogo. Tulifungua drami zote nne. Gurudumu la nyuma kushoto silinda yake ilikuwa ikivuja, na viatu vya breki vimelowa mafuta, bila shaka kwa miezi mingi. Tulibadili silinda, viatu, mabomba ya chuma na ya mpira, tukamwaga mafuta yote ya zamani, ambayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa na huweza kuchemka mtu anapobana breki muda mrefu mteremkoni. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba neema haifuti maumbile bali huyakamilisha. Huyu fundi hajamsoma Tomaso, lakini wangeelewana.

Siku ya pili tukafunga busta, na hapo tukakosea. Fundi alikuwa amesema asubuhi iliyofuata angekuja kupima fimbo iliyo kati ya busta na masta silinda. Sisi tulikuwa tumekwisha kusoma habari hizo, ilikuwa saa mbili usiku, na tulitaka kumaliza. Tukafunga nati, tukatoa upepo kwenye mabomba, katekista akikanyaga na sisi tukifungua, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi. Asubuhi tukaondoka peke yetu kujaribu. Kilomita ya tatu gari likawa zito, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Drami za mbele zilikuwa zikitoa moshi. Fimbo ilikuwa ndefu mno: iliibana masta silinda hata pedeli ilipoachiwa, na breki hazikuwa zikiachia. Fundi alikuja na pikipiki. Aligeuza nati ya kurekebishia kidogo sana, sehemu ya mzunguko tu, akapima, akageuza tena. "Usiku," alisema bila kututazama, "ni wa kulala, Padre."

Kisha akatuonyesha namna ya kuijaribu busta, nasi tunawapa kwa kuwa itawafaa hata wenye magari mapya. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu. Iendelee kubanwa, kisha washa injini. Pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, haifanyi. Halafu zima injini, ngoja kidogo, ukanyage tena: mara ya kwanza iwe laini bado, kwa sababu valvu ya njia moja hulihifadhi ombwe. Ikiwa ngumu mara ileile ya kwanza, panavuja. Na wale wanaozima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta, tunawasihi waache. Akiba hiyo hutosha mikanyago michache tu, na kona za kwenda Mombo ni nyingi kuliko hiyo.

Alhamisi tulishuka na katekista na mhazini, aliyetaka kuona mwenyewe. Katika kona ile tulisimamisha gari kwa mguu mmoja, bila kuinuka kitini. Kijana alikuwepo na ndoo yake. Hakutukumbuka. Tulinunua peasi zote, naye mhazini akaandika bei kwenye daftari lake chini ya matengenezo ya gari, na hatukumpinga.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, gari litakwenda kigangoni. Nafasi ni tano. Wagonjwa wanaohitaji kuletewa Komunyo wamwone katekista kabla ya Ijumaa.