Betri Iliyosingiziwa

Mtambo ukiharibika huwa na sababu, lakini mwenye mtambo aghalabu hutafuta mkosaji kwanza na sababu baadaye. Sababu hutaka kupimwa, na kupima kuna kazi. Mkosaji hutaka kutajwa tu, na ulimi hauna uzito. Kwa hiyo dunia ina watu wengi waliohukumiwa kwa makosa ya nati, waya na kutu. Kisa cha pikipiki kuukuu ya Ipinda ni mfano mmoja wa jambo hilo.

Ipinda ni mji mdogo wa wilaya ya Kyela. Kaskazini yake umesimama mlima Rungwe, mashariki milima ya Livingstone, na kusini limelala Ziwa Nyasa, ambalo uso wake u mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka juu na kuleta udongo unaolea mpunga na kakao. Mvua ya huko ni nyingi. Katika miaka mingi hupita milimita 2,000. Joto na unyevu, ambavyo kwa mpunga ni neema, kwa chuma ni adui asiyelala. Panga lililosahauliwa nje usiku mmoja huamka limevaa kutu.

Katika mji huo aliishi mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa na pikipiki ya Honda CB200, iliyoundwa Japani katika miaka ya 1970. Injini yake ina silinda mbili, na kuna njia mbili za kuiamsha: kupiga kiki kwa mguu, au kubonyeza kitufe cha stata. Kwa miaka mingi Mwalimu alipiga kiki na kukidharau kitufe, akisema kwamba ni cha watu wavivu. Kisha goti lake la kulia likamwasi. Tangu siku hiyo alifahamu kwa nini watu walishukuru stata ya umeme ya Charles Kettering ilipofungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, ikawaondolea taabu ya kuzungusha injini kwa mpini. Kitufe kilichodharauliwa kikawa ndio mguu wake. Kwa kitufe hicho alikwenda Matema, ufukweni mwa ziwa, kumwona dada yake mkubwa, akarudi na samaki au chungu cha Wakisi. Maadamu aliweza kwenda bila ya kumwomba kijana wa jirani ampigie kiki, alijiona bado ni mtu kamili.

Mwaka mmoja, kabla ya masika, aliona vipele vya kutu katika fremu ya pikipiki yake. Aliifungua kwa mikono yake, akaipiga msasa, akaipaka rangi nyeusi mara tatu, hata ikang'aa kama siku aliyoinunua. Majirani walimsifu, naye hakuchoka kusifiwa. Mvua zilipoanza, injini ikawa nzito kuamka. Kitufe kilipobonyezwa stata iliguna, injini ikazunguka polepole kama jiwe la kusagia linalosukumwa na mgonjwa, na taa ya mbele ikafifia. Mwalimu hakuwa na shaka: betri imekufa.

Alinunua betri mpya katika duka moja mjini Kyela. Siku mbili tatu palikuwa na nafuu, kisha uzito ukarudi. Alikwenda tena dukani, akabadilishiwa betri bila ya ubishi. Nafuu ikaja kama kwanza, na kama kwanza ikaondoka. Mara ya tatu alichagua siku ya soko. Alisimama mbele ya duka na kumwambia mwenye duka, kijana ambaye Mwalimu mwenyewe alimfundisha kusoma, kwamba anawauzia wazee betri zilizokufa kwa kuwa anajua hawana wa kuwatetea.

"Shikamoo, Mwalimu," alijibu kijana. "Betri zangu ni nzima. Niachie hii niipime mbele yako."

"Mwizi hawi mpimaji wa mzigo wake," alisema Mwalimu.

Watu walisikia. Waliokuwa na fedha mkononi walizirudisha mfukoni. Neno la mtu mwingine lingetakiwa ushahidi, lakini neno la mwalimu mzee lilikuwa ushahidi lenyewe, likaenda Ipinda, likafika Matema kabla yake. Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, alieleza jinsi Wanyakyusa walivyothamini ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzi, kula pamoja nao na kuzungumza kwa wema. Mahali panapothaminiwa mambo hayo, shutuma ya hadharani si upepo upitao. Humtoa mtu katika kikao, na aliyetolewa hawezi kurudi kwa nguvu zake mwenyewe.

Sasa, injini iliyo nzito kuamka yaweza kuwa na maradhi mengi. Betri yaweza kuwa dhaifu kweli. Nyaya zaweza kuliwa na kutu, au kaboni za stata kwisha. Oili yaweza kuwa nzito kupita kiasi. Cheche yaweza kuwaka mapema mno, ikaisukuma pistoni nyuma kabla haijafika juu. Injini yenyewe yaweza kukaza. Maradhi haya yote hutoa mguno mmoja, kama homa moja inavyoweza kuletwa na magonjwa mengi. Mganga anayejua dawa moja tu humtibu kila mgonjwa kwa dawa hiyo, na Mwalimu alijua betri tu.

Hatimaye aliitwa fundi wa pale Ipinda, kijana mpole mwenye voltimita ndogo katika mfuko wa shati. Alimwamkia Mwalimu na kumwita tata, kama Wanyakyusa wanavyowaita baba zao, kisha akaanza kazi bila ya kumtaja mkosaji. Alitoa plagi, akaisukuma kiki kwa mkono. Injini ikazunguka kwa wepesi. Basi haikukaza. Alirudisha plagi, akapima betri ikiwa imetulia. Ikaonyesha volti 12.6. Alimwomba Mwalimu abonyeze kitufe huku ncha za kipimo zikigusa vichwa viwili vya betri, ikaonyesha 11.4. Betri iliyochoka ingeporomoka chini ya volti 10. Kisha aliweka ncha moja katika kichwa cha hasi na nyingine katika chuma kitupu cha injini, kitufe kikabonyezwa tena. Hapo palipasa kuonekana chini ya nusu volti. Zilionekana volti 3.

"Tata," alisema fundi, "betri inatoa nguvu, lakini nguvu hairudi nyumbani."

"Umeme nao hurudi?"

"Usiporudi hauendi."

Maneno hayo machache yalikuwa somo zima. Umeme hutoka katika chanya ya betri, hupita katika stata, na hapana budi urejee katika hasi kwa njia ya injini, fremu na waya mmoja mnene uliofungwa katika fremu hiyo. Georg Ohm, Mjerumani, alionyesha mwaka 1827 kwamba volti zinazopotea njiani ni sawa na wingi wa mkondo mara ukinzani wa njia. Tuseme kiungo kibovu kina ukinzani wa sehemu 6 katika 100 za omu moja. Taa ya mbele huvuta ampea 3 hivi, kwa hiyo kiungo hicho huinyang'anya sehemu 2 tu katika 10 za volti, nayo huwaka kama kwamba hapana kosa. Stata yaweza kuvuta ampea 50 au zaidi, na kiungo kile kile huinyang'anya volti 3. Katika zile 11.4 zilizotoka katika betri, stata ilipata 8.4 tu. Taa nayo, kwa kuwa ilirudishia umeme wake katika kiungo kile kile, ilififia kila stata ilipobonyezwa. Haikusema uongo, Mwalimu ndiye aliyeusoma ushahidi wake vibaya. Hata zile siku mbili tatu za nafuu zilikuwa na maelezo: betri iliyotoka dukani imejaa ilisukuma kwa nguvu kidogo zaidi. Wema wa betri ukageuzwa kuwa shahidi dhidi ya muuzaji.

Fundi alisogeza ncha ya kipimo hatua kwa hatua, kutoka injini hadi fremu, kutoka fremu hadi kikoa cha waya wa hasi. Karibu volti zote tatu zilikuwa zikipotea baina ya kikoa na fremu. Alifungua bolti, akanyanyua kikoa. Chini yake palikuwa na rangi nyeusi, nzuri, inayong'aa. Umeme ulikuwa ukijipenyeza katika meno ya bolti tu, na meno hayo unyevu wa masika ulikuwa umekwisha kuyaotesha kutu.

"Nani aliyepaka rangi hapa?" aliuliza fundi, bila ya nia mbaya.

Mwalimu alinyamaza kwa kitambo. "Mimi," alisema.

Rangi ilikwanguliwa kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Kikoa kilisafishwa, kikakazwa kwa spana, kikapakwa grisi juu ili unyevu usiingie. Fundi aliongeza waya wa pili mnene kutoka hasi moja kwa moja hadi injini. Kipimo kilionyesha volti 0.2, na injini iliamka kwa mbonyezo mmoja. Mwalimu hakufurahi kama alivyotazamia. Aliizima, akakaa juu ya kigoda na kuitazama betri ile aliyoitukana mjini.

Palikuwa na njia rahisi. Angeweza kumlipa fundi, akaendesha pikipiki yake, na akanyamaza. Hapana mtu angemwuliza neno, na kijana wa duka asingejua kosa lilikuwa wapi. Lakini mtu aliyefundisha hesabu miaka mingi anajua kwamba jibu lililokosewa ubaoni hufutwa ubaoni. Siku ya soko iliyofuata alikwenda Kyela, akasimama pale pale aliposimama kwanza.

"Mwanangu, nilikuita mwizi mbele ya watu. Betri yako ni nzima. Kosa lilikuwa chini ya rangi niliyopaka mwenyewe. Nisamehe."

Kijana aliinamisha kichwa kwa heshima. "Yamekwisha, Mwalimu."

"Hayajakwisha. Wako waliosikia siku ile na leo hawapo."

Akaomba aketi katika benchi la dukani. Kwa siku tatu za soko aliketi hapo, akamwamkia kila aliyepita na kumweleza habari ya waya na rangi. Wengine walisikiliza, wengine walicheka, na wanunuzi wengine hawakurudi, maana shutuma ilikuwa imekwenda mbali kuliko mahali ambapo radhi iliweza kuifuata. Hilo Mwalimu hakuweza kulitengeneza. Alilibeba.

Wahenga wamesema kwamba nyani haoni kundule, huona la mwenziwe. Mwalimu hakuona rangi yake kwa sababu aliipenda. Kazi ya mikono yake ilikuwa nzuri mno machoni pake kuwa na kosa. Ndiyo sababu kipimo kina heshima kubwa kati ya ufundi na hukumu: hakijui nani alipaka rangi na nani aliuza betri. Mtu mwenye jambo zito la kumsema mwenziwe hana budi kwanza kugusa kila kiungo cha habari yake, akianza na vile alivyovifunga mwenyewe. Kabla ya kuondoka siku ya tatu, Mwalimu alinunua voltimita katika duka lile lile, akailipia fedha taslimu, akaitia katika mfuko wa shati na kuipanda pikipiki yake kurudi Ipinda.