Kuchora najua, kuchapa najifunza



Juzi mama kanipigia simu. Watu huko Tanga wanamuuliza, "Mwanao aliyesomea uchoraji, vitabu vyake viko wapi?" Jamani, leo nasema ukweli.

Hapa Bani Malik, Jeddah, niko kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Jalada la kitabu sijachora hata moja. Nilianza na kadi za harusi, na za kwanza niliziharibu: sikuacha zile milimita 3 za ziada pembeni, kisu kilipokata ukabaki mstari mweupe. Kadi 500 jalalani, hasara ikakatwa kwenye mshahara wangu. Chuoni tulifundishwa kuchora. Habari za kisu na rangi nne za mashine hatukuambiwa.

Nilitaka kurudi nyumbani. Kilichonizuia ni msahafu. Ule wa Madina tuliousomea madrasa umeandikwa kwa mkono wa Uthman Taha, Msyria. Kurasa 604, karibu zote mistari 15, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Alipata ijaza ya hati mwaka 1973, akahamia Madina 1988. Miaka yote hiyo nimeshika kazi yake, jina lake silijui!

Basi msomeeni mama: mwanao anajifunza uchapaji, jalada litakuja. Nawe mdogo wangu unayemaliza chuo mwaka huu, kabla ya kupeleka michoro kwa wachapishaji, kaa kwanza mwezi mmoja kwenye mashine.

Nisalimieni wote. Wasalaam.