Taka Zikishindiliwa Hazipungui Uzito

Aghalabu tunapozungumza khabari za nyumba hutaja kinachoingia ndani yake: mchele, unga, nyama, nguo za watoto na ada za chuoni. Kinachotoka hatukitaji, kwa kuwa ni taka, na mtu huona haya kuzitia taka katika maneno yake. Walakini leo nataka kuzungumza juu ya taka, na juu ya mashine inayozishindilia, kwa sababu kuitengeneza mashine hiyo kumetufunulia nyumbani kwetu jambo ambalo naona lafaa kuwafikia wenye nyumba wote, wawe wanayo mashine au hawana.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Elimu yangu nyingine ni ya shule ya msingi, na ufundi nilionao ni ule ambao mwalimu wa chuo hulazimika kuujua: kurejesha mnyororo wa baiskeli, kufungua pampu ya kisima, kusafisha na kutia mafuta cherehani ya mke wangu. Tangu miaka michache nakaa na mwanangu katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani, mji ambao Wasomali ni wengi na wenzetu wasemao Kiswahili hawakosekani. Na jioni nawasomesha watoto wao. Nyumba aliyoinunua mwanangu ni ya zamani, na jikoni, baina ya sinki na kabati, tuliikuta mashine ya kushindilia taka.

Msomaji aliyeko Mombasa, Unguja au Dar es Salaam huenda hajapata kuiona, kwa hiyo nitaieleza. Ni sanduku la chuma lenye kimo cha kabati la jikoni, na ndani yake mna droo ndefu iliyovishwa mfuko mnene. Kampuni ya Whirlpool ya Marekani ndiyo iliyoitoa mashine ya kwanza ya namna hii kwa matumizi ya nyumbani, mwaka 1969. Siku hizi nyumba nyingi hazina, lakini bado zauzwa. Kazi yake ni hivi: mota ya umeme huvuta mnyororo au gia, gia huzungusha parafujo mbili ndefu zilizosimama, moja kuume na moja kushoto, na parafujo hizo huliteremsha bamba zito la chuma juu ya taka. Nguvu ya bamba hilo hupita ratili 2,000, na katika mashine nyingine hukaribia ratili 5,000. Likiisha kukandamiza, mota hugeuza mwendo na bamba likapanda. Haya yote huisha kwa muda wa dakika moja hivi, na taka ambazo zingejaza mifuko minne huenea katika mfuko mmoja.

Katika mwezi wa Shaaban mwaka 1445, yaani Februari 2024, bamba liliteremka likanasa huko huko chini. Mota ikawa yanguruma wala haizunguki. Droo nayo haikufunguka, maana bamba likiwa limeshuka ndani yake huizuia isitoke. Taka za siku tatu zikafungiwa ndani, jiko likaanza kunuka, ilhali Ramadhani yakaribia na mkaza mwanangu atarajia wageni. Akaitwa fundi wa kampuni moja. Alisikiliza mngurumo, hakufungua hata parafujo moja, akasema mashine imezeeka na haifai kutengenezwa, inunuliwe mpya. Mpya yenyewe ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Akachukua ujira wa kuja, akaenda zake.

Mwanangu alikuwa tayari kuitoa nje mashine iende jaani pamoja na taka zake. Nikamwomba anipe siku mbili. Katika jamaa wa msikitini kwetu yumo mtu wa makamo afanyaye kazi ya kutengeneza magari, mtu mpole na asiye na haraka. Nikamwita. Kwanza alichomoa plagi kutoka ukutani, akaiweka mahali ambapo kila mmoja wetu aliiona. Kisha tukaivuta mashine, tukailaza juu ya blanketi, tukafungua bamba la chini, akaishika gia kubwa kwa spana na kuizungusha kwa mkono kidogo kidogo. Bamba likapanda inchi kwa inchi mpaka droo ikaachiliwa.

Hapo sababu ikadhihirika. Chupa moja ya kioo ilitiwa pembeni mwa droo badala ya katikati. Bamba lilipoishukia likaenda upande, likabana. Parafujo nazo zilikuwa kavu, na maji ya matunda na ya soda yaliyowarukia kwa miaka yalikuwa yamegandamana kama gundi. Mnyororo ulikuwa umelegea. Yote hayo ni mambo yasiyotaka mashine mpya. Tulisugua parafujo kwa brashi na mafuta ya kusafishia, tukazipaka grisi, tukatia mnyororo matone ya mafuta na kuukaza. Kazi ilikuwa ya saa tatu.

Lakini tulipoirudisha plagi mashine haikuwaka. Tukaichomoa tena, na yule ndugu akakuta kwamba swichi ya droo imelika. Hii ni swichi ndogo ambayo droo huigusa inapofungwa barabara. Droo ikiwa wazi, swichi hukata umeme, na mashine haiwezi kwenda. Kijana mmoja wa jirani, aliyekuja kututazama na mwenye kujua umeme kidogo, akasema, "Maalim, tuziunganishe tu nyaya hizi mbili, itakwenda sasa hivi." Mwanangu, kwa kuwa amechoka na wageni wako njiani, akasema, "Na tufanye hivyo, baba."

Nikamwambia, "Mwanangu, mtoto wako ana miaka sita, na mkono wake waenea humu ndani."

Akanyamaza. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akauliza, "Babu, hii yaweza kuvunja mfupa?"

Nikamjibu, "Umeona ilivyoivunja chupa, mjukuu wangu. Mkono wako si mgumu kuliko chupa."

Nyaya hazikuunganishwa. Tuliagiza swichi mpya, ikaja baada ya siku tano, na thamani yake ilikuwa dola 18. Kwa siku hizo tano taka zetu tulizitoa kwa mkono, na wageni walikuja wakala na hakuna aliyeona upungufu. Nalitaja hili kwa sababu nyumba nyingi, huku na huko kwetu, hupata khasara kubwa kwa njia hii hii: kinga ndogo huharibika, na badala ya kuirejesha twaitafutia njia ya kuipita, kwa kuwa kazi yataka kuendelea leo. Fyuzi hufungwa kwa kipande cha waya, mfuniko wa kisima huachwa kando, na anayelipa aghalabu ni mtoto, ambaye hakushauriwa.

Sasa nije kwenye lile lililokuwa ndani ya droo. Tuliubeba mfuko mpaka uani, tukatandika magazeti, tukaufungua ili tuondoe kioo kilichovunjika. Taka zilizoshindiliwa hutoka kama tofali, na tofali hilo ukilivunja waziona siku zako zilivyopangika. Mlikuwa na mkate mzima ndani ya karatasi yake. Mlikuwa na wali wa kuwatosha watu wanne, na matufaha ambayo hayajaumwa hata jino moja, na kuku aliyeliwa upande mmoja. Mkaza mwanangu akainama akatazama, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, haya yote ni yetu?" Nikasema ni yetu. Mwanangu akaileta mizani ya kupimia watu, akapima: ratili 27, kwa watu watano, kwa siku tatu.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alifikiri. Mashine hii haiondoi kitu. Huondoa hewa iliyo baina ya taka, basi. Mifuko minne ikawa mmoja, lakini ratili zile ni zile zile. Aliyekuwa akitoka nje mara nne na kuona aibu ya mifuko minne, sasa hutoka mara moja na kuona wepesi moyoni. Wepesi huo si wa kweli. Israfu iliyokatazwa katika dini yetu haihesabiwi kwa wingi wa mifuko bali kwa kilichomo.

Wala jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Wizara ya Kilimo ya Marekani hukadiria kwamba katika chakula chote cha nchi ile, baina ya sehemu 30 na 40 katika kila 100 hupotea bila ya kuliwa. Na Idara ya Mazingira yao ilihesabu kwamba mwaka 2018 chakula kilikuwa kiasi cha sehemu 24 katika kila 100 ya taka za miji zilizofukiwa majaani, kikishinda karatasi na plastiki na kila kitu kingine.

Pengine mtu atasema, "Chakula kikifukiwa si huoza kikawa udongo?" Hili nalo limechunguzwa. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Arizona, mwanachuoni William Rathje na wanafunzi wake walianza kuchunguza taka za watu kama wachimbavyo wengine magofu ya kale. Baadaye, katika miaka ya 1980, wakachimba majaa yenyewe. Walikuta magazeti ya miaka mingi yakisomeka maandishi yake, na vyakula vinavyotambulikana. Sababu ni kwamba jaa lililoshindiliwa halipati hewa wala maji ya kutosha, na kitu kisichopata hewa huoza polepole mno. Na kikioza bila hewa hutoa gesi ya methani, inayozidisha joto la dunia. Basi kushindilia hakukuondolea taka, kumekuwekea.

Siseme kwa hayo kwamba mashine hii ni haramu au ni mbaya. Ni chombo, na chombo kilicho mikononi mwako ni amana. Aliye na jamaa ughaibuni mwenye mashine hii, na ampelekee maneno haya machache.

Kwanza, mkono usiingie ndani ila plagi iwe imechomolewa ukutani. Kuzima kitufe peke yake hakutoshi. Pili, kila mwezi droo itolewe ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, na uso wa chini wa bamba ufutwe na mtu aliyevaa glavu nene, maana vipande vya kioo hugandamana hapo na havionekani. Tatu, chupa na makopo yalale katikati ya droo, yasiwekwe pembeni. Nne, yasitiwe kabisa makopo ya dawa za kupulizia, wala betri, wala matambara yenye petroli au mafuta, wala jivu lenye moto, kwani vitu hivi vikikandamizwa huweza kuripuka au kuwaka. Nepi za watoto nazo zikae mbali, kwa harufu yake na kwa najisi yake, maana maji yanayochuruzika humo hugusa nguo za mwenye kubadilisha mfuko. Tano, mara moja kwa mwaka parafujo zipakwe grisi, mnyororo utiwe mafuta, na nati zinazopanda parafujo zitazamwe. Zikilika nyuzi zake bamba hunasa. Sita, mashine nyingi zina ufunguo. Ufunguo huo usikae mahali pake. Utolewe kila mara na uwekwe juu, mbali na watoto. Na mota ikiungua kweli, hapo ndipo mtu akae na mkewe wapime kama matengenezo yana maana. Lakini wapime baada ya kufungua na kutazama, si kwa kusikiliza mngurumo.

Nyumbani kwetu lilifanyika na jambo jingine, nalo halikuwa la spana. Mkaza mwanangu aliweka bakuli juu ya mashine. Kila chakula kinachotaka kutupwa hukaa kwanza katika bakuli hilo mpaka usiku, na usiku huulizwa: hiki chaweza kuliwa kesho? Kuna jirani wa kupelekewa? Kama hapana, kwa nini kilipikwa kingi? Watoto ndio wakali wa kuuliza kuliko sisi. Kipimo cha wali kikapunguzwa kikombe kimoja na nusu, na mkate ukanunuliwa mara moja kwa wiki. Katikati ya Ramadhani, mwezi ambao majiko yetu hupika kupita miezi yote, mwanangu aliupima tena mfuko wa siku tatu, ukawa ratili 14.

Kwa hiyo, ewe msomaji ambaye nyumbani kwako hamna mashine wala droo, ila pipa uani na mtoto anayetumwa jaani kila asubuhi, jambo hili lakuhusu vile vile. Usiutazame ukubwa wa kinachobebwa. Siku moja mwambie mtoto angoje, ulifungue pipa, utazame kilichomo ndani yake, na umwite mwenzio atazame pamoja nawe, bila ya kulaumiana. Wa billahi ttawfiq.