Namna ya kufua bulangeti ya vipande



Tangu kikundi chetu kianze kushona mabulangeti ya vipande vya vikwembe, ulizo moja linarudi karibu kila posho tunapokutana: sasa hii kitu tutaifua namna gani? Kushona tumejifunza. Tunajua kupima, kukata, kutia kikwembe cha bluu kando ya cha njano mpaka macho yafurahi, kulaza bulangeti ya zamani katikati kwa ajili ya joto, kisha kupitisha sindano ili zile tabaka tatu zishikamane. Ni kazi ya miezi miwili au mitatu, maana hakuna mama mwenye mikono ya kushona tu. Kuna shamba, kuna bukari, kuna mtoto mgongoni. Na kazi yote hiyo inaweza kuharibika asubuhi moja ndani ya basini.

Nianze na neno ambalo wengine hawatalipenda. Bulangeti ya namna hii haifuliwi kila mara. Ninajua kwetu mama anapimwa kwa kamba yake ya nguo, na kamba ikikaa tupu majirani wanaanza kusema. Lakini kila kufua kunaondoa rangi kidogo na kuchosha uzi kidogo. Ukitandika shuka chini yake, ili mwili usiguse bulangeti yenyewe, mara mbili kwa mwaka inatosha. Katikati ya hapo ikung'ute nje, ianike saa mbili au tatu, igeuze, irudishe kitandani. Shuka ndiyo ya kufua kila wiki.

Tena kuna habari ya maji. Nimehesabu nyumbani kwangu: kuloweka, kufua, na kusuuza mara nne, bulangeti moja ya kitanda kikubwa ilikula bidoni nane za lita 20. Hizo ni lita 160. Mimi ninafundisha mwaka wa tano, na ninajua nani anabeba bidoni hizo. Msichana akiingia darasani saa mbili na nusu, na bega limelowana, simuulizi alikuwa wapi. Basi nikisema tufue mara chache, ninafikiri juu ya rangi, na ninafikiri pia juu ya hesabu ambayo huyo mtoto hakuiona ubaoni. Kama ni lazima kufua, tuchague siku ambayo hakuna masomo, na maji ya kusuuza mara ya mwisho tusiyamwage: yanasafisha sakafu ya choo vizuri kabisa.

Sasa rangi. Ukweli ni kwamba kazi ya kufua inaanza kabla ya kushona. Kikwembe kipya kikiingia majini mara ya kwanza kinafupika, na kila aina inafupika kwa kiasi chake. Ukishona kipande kipya kando ya kile ulichovaa miaka mitano, siku ya kufua kimoja kitajivuta, kingine kitabaki, na bulangeti itakunjamana kama uso wa mtu aliyeonja limao. Kwa hiyo vipande vyote vipya vifuliwe peke yake kwanza, vikauke, vipigwe pasi, ndipo mkasi uingie.

Halafu si vikwembe vyote vina tabia moja. Waksi ya kweli, ile iliyoanza kwa Waholanzi kuiga nguo za Java (kampuni ya Vlisco iko mji wa Helmond tangu mwaka 1846), rangi yake imepita mpaka upande wa pili. Ukigeuza huwezi kujua haraka mbele ni wapi. Kile cha bei ndogo kimechapwa upande mmoja, mgongo wake ni mweupe-mweupe. Simdharau mwenye nacho, hata mimi ninavaa. Ila mara nyingi hicho ndicho kinachotoa rangi, na zaidi kikiwa chekundu, bluu ya usiku au cheusi.

Kujua ni rahisi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, kikandamize juu ya kipande mpaka uhesabu mia moja. Kikitoka safi, endelea. Kikitoka na rangi, kipande hicho kifuliwe tena peke yake, mara mbili, mara tatu. Kama bado kinatoa, mimi ninakiacha. Kitafaa kushonea mfuko.

Hapa wamama wakubwa wananiambia: tia chumvi, tia siki, rangi itashika. Nimelisikia tangu utoto, na ninaheshimu waliolisema. Chumvi inamsaidia mtu anayepaka rangi, ndani ya chungu chake, wakati rangi inapoingia kwenye uzi. Nguo iliyokwisha kuchapwa kiwandani na kuuzwa sokoni, chumvi ya jikoni haiwezi kuifungia rangi iliyofungwa vibaya. Chumvi yenu muiweke kwenye sombe.

Na Javel? Hapana. Hata kifuniko kimoja. Javel inakula rangi na inalegeza pamba, na bulangeti yetu inashikwa na uzi wa pamba kila mahali. Leo utaona weupe, kesho mishono itaachia. Sabuni ya kienyeji ya mawese ni nzuri ikiwa imepikwa na mtu anayejua kupima soda. Ile inayochoma vidole tusiilete karibu.

Siku ya kufua yenyewe, kwanza kagua mishono yote. Palipofunguka pashonwe kabla ya maji, kwa sababu tundu la kidole likiingia majini linatoka tundu la ngumi. Maji yawe ya baridi na mengi. Vijiko viwili vya OMO vinatosha basini kubwa, viyeyushwe kando ndani ya kikombe mpaka punje ziishe, ndipo umwage. Tandaza shuka ya zamani ndani ya basini, pembe zake zitoke nje, na bulangeti ilale juu ya shuka hiyo. Faida yake utaiona baadaye. Kisha kandamiza kwa viganja, achilia, kandamiza. Usisugue nguo kwa nguo, usipige juu ya jiwe. Ukiwa na mtoto mwepesi, aoshe miguu, aingie akanyage polepole. Wangu wanagombania kazi hiyo. Robo ya saa inatosha. Usiiache ilale majini usiku, maana rangi inayotembea inatembea zaidi ikiwa nguo imesongamana na imetulia.

Nataka kusimulia habari moja hapa. Nimeomba ruhusa kwa wenyewe, na sitataja jina.

Kuna msichana niliyemfundisha aliyefiwa na mama yake. Kilio kilipokwisha, mama zake wadogo waligawana vikwembe vizuri kama desturi ilivyo. Vilivyochakaa, ambavyo hakuna aliyevitaka, nkambo yake alivikusanya, akavikata, akashonea watoto watatu bulangeti moja. Kazi nzuri, mishono midogo kama mchele. Watoto wakalala chini yake miezi mingi, na yule mdogo wa mwisho anakojoa kitandani. Mnaelewa ilifika wapi. Nkambo akasema ifuliwe. Msichana akakataa, akaificha, akachapwa, akakataa tena. Siku moja akabaki nyuma ya wenzake, akaniuliza: «Madamu, tukiifua, harufu ya mama itaenda?»

Pale ISP nilisoma saikolojia ya mtoto, na daftari ninalo mpaka leo. Halikunisaidia. Nilimwambia kweli: ndiyo, itaenda. Nikamuuliza kama nkambo bado ana kipande chochote ambacho hakikuingia kwenye bulangeti. Tukaenda pamoja kuuliza. Kilikuwepo, ukanda wa upana wa vidole vinne, wa kikwembe chekundu ambacho marehemu alikivaa siku za yenga. Tukakifunga ndani ya sashe, tukafunga vizuri, akakitia chini ya sanduku lake. Hicho hakitafuliwa.

Nkambo alikuwa anatutazama tu. Mwisho akasema: «Mama yako alikuwa mwanamke wa kufua. Angekuta nguo yake inanuka mkojo, angetutukana sisi wote, na mwalimu wako pia.» Msichana akacheka. Posho iliyofuata tukafua, sisi watatu.

Na kile chekundu, wamama, kilitoa rangi. Hakuna aliyekijaribu kwa kitambaa cheupe kabla ya kushona. Nani angefikiri hivyo katika siku kama zile? Maji ya kusuuza yalikuwa ya waridi, na kipande cha njano kando yake kikaanza kubadilika. Mkiona hivyo msiogope, na msikimbilie kamba. Rangi iliyohama, ikikaukia pale ilipohamia, inang'ang'ania. Nguo ikiwa bado mbichi, inaweza kutoka. Tuliirudisha kwenye maji mengi safi yenye sabuni kidogo, tukaitikisa itanuke, tukabadilisha maji, tukabadilisha tena. Mara ya sita maji yakatoka meupe. Njano ilibaki na kivuli kidogo pembeni, ukiangalia kwa jua. Bidoni ni nyingi, ndiyo, lakini siku hiyo hakuna aliyezihesabu.

Kutoa bulangeti majini ndiko kunakovunja mishono. Imekunywa maji, ni nzito kama mtoto wa mwaka wa kwanza, na ukiivuta kwa pembe moja uzito wote unaning'inia kwenye nyuzi chache. Hapo ile shuka ya chini inafanya kazi: watu wawili, kila mmoja pembe mbili, mnainua shuka, na bulangeti inakuja imelala ndani yake. Tusiikamue kwa kuizungusha kama jinzi. Ikunjwe kama mkeka pamoja na taulo au kikwembe kikavu, ikandamizwe, ifunguliwe. Kamba moja haitoshi. Fungeni tatu, karibu-karibu, ilale juu yake kama mtu juu ya kitanda.

Jua au kivuli? Vitabu vinasema kivuli, kwa ajili ya rangi. Lakini waandishi wake hawakai Kamina. Kwetu kuna yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye udongo wenye kivuli, na funza wake anaingia ndani ya ngozi ya mtoto na kufanya jipu. Hapendi jua kali. Kivuli ndicho anachotafuta, na harufu ya mkojo au jasho inamwita. Kwa hiyo mimi ninachagua jua, nikigeuza mgongo wa bulangeti juu ili vikwembe vitazame chini. Kamwe isianikwe juu ya majani au chini kwenye mchanga. Ianze asubuhi na mapema, katika kiangazi, na iingie ndani kabla jua halijazama. Kuanzia Oktoba mvua zikirudi, afadhali usubiri. Kujua kama imekauka, bana katikati kwa vidole: ikiwa baridi, ndani bado kuna maji, na maji hayo yataleta kuvu.

Kisha feri ya makala, pande zote mbili, polepole juu ya mishono, mahali mayai ya inzi yanapoweza kujificha. Kama bulangeti uliyoweka ndani ni ya nailoni, tia kitambaa cha pamba juu yake na feri isiwe kali sana, isije ikayeyuka. Asiye na feri aifunge vizuri na kuiweka wiki mbili bila kumfunika mtu. Funza akikosa mwili muda huo anakufa.

Mwisho, wale tunaouzia. Mgeni anayetoa pesa yake kwa bulangeti yetu hajui hata moja ya haya niliyoandika, na akiitia kwenye mashine na maji ya moto, atasema kazi ya wamama wa Kamina haidumu. Naomba tushone nyuma, kwenye pembe, kipande kidogo cha kitambaa cheupe chenye maneno machache ya Kiswahili na Kifaransa: maji baridi, bila Javel, usikamue. Mimi nitaandika, mwenye mkono mzuri wa kudarizi afuatishe.

Posho ijayo nitakuja na basini, sabuni na kitambaa cheupe. Kila mmoja alete vipande vyake vyekundu na vyeusi ambavyo bado havijashonwa, pamoja na bidoni moja ya maji, aibebe mwenyewe.